Mbwa wa Mrina Asali

Hii nimetumiwa na shangazi yangu, nami siwezi kukaa nayo peke yangu. Isome mpaka mwisho, halafu umrushie yule anayependa kuwaambia wenzake, "Mbona mimi sikulia?"

Huko Sikonge palikuwa na mrina asali aitwaye Mihayo. Kwa miaka thelathini alikuwa akipanda miti kuvuna asali, na nyuki walimuuma mpaka wakachoka wenyewe. Ngozi yake ilikuwa haivimbi tena. Akiumwa, anaendelea kupiga soga kama katuliwa na nzi.

Warina wa kwao walikuwa na desturi. Mgeni akija kujifunza kazi, haonji asali mpaka aumwe, na akiumwa halii, wala mwiba hautolewi. "Mwacheni, atazoea." Na kweli, wengi walizoea. Waliokimbia, hakuna aliyewauliza habari.

Mihayo alikuwa na mbwa, jina lake Mandazi kwa sababu ya rangi yake. Watoto wa nyumba ile walikuwa wamekua na kuhamia mbali, basi mapenzi yote yakamwangukia mbwa. Mandazi hulala juu ya kiatu cha kushoto cha mzee, ili mzee asitoke bila kuaga. Mkewe alizoea kumtania, "Baba Kulwa, siku nikipotea mimi, utanitafuta hivyo?"

Msimu mmoja Mandazi akaumwa na nyuki puani. Pua ikavimba, akashinda anajikuna na kulia. Mama Kulwa akataka kumtoa mwiba.

Mihayo akacheka mpaka akashika mbavu. "Achana naye, mke wangu. Huyu sasa ni mrina. Atazoea tu."

Wiki tatu baadaye, asubuhi, nyuki mmoja akamuuma Mandazi mdomoni. Mmoja tu, jamani! Chai haijapoa, uso wote umeumuka, macho hayaonekani, na vinundu vimemjaa chini ya manyoya. Akatapika. Akaanguka. Pumzi ikawa inatoka kwa kukoroma.

"Atazo..." Mihayo alianza.

Mama Kulwa hakungoja amalizie. Aliukwangua mwiba kwa ukucha, akamfunga mbwa kwenye khanga, akaita bodaboda. Wakapakiana, mbwa katikati. Njia nzima mzee alikuwa akimwinamia sikioni, "Mandazi, usinifanyie hivi, baba. Nakuomba. Usinifanyie hivi."

Daktari wa mifugo alimchoma sindano kabla hata ya kuwasalimia. Kisha akauliza, "Amewahi kuumwa kabla ya leo?"

"Aliumwa wiki tatu zilizopita," Mihayo akajibu. "Nikajua atazoea."

"Mzee wangu, miili haifanani. Mmoja anazoea. Mwingine, kila akiumwa mwili unazidi kuchachamaa, mpaka unamwangusha mwenyewe. Hiyo ndiyo aleji. Mngechelewa kidogo tu, huyu tungekuwa tunamzika."

Yule mzee ambaye nyuki wa Sikonge nzima hawakuweza kumliza, akaketi sakafuni akalia waziwazi. Adhuhuri Mandazi akafumbua jicho moja, akajikokota, akaweka kidevu juu ya kiatu cha kushoto. Hapo hata daktari aligeuka akajifanya anatafuta kalamu.

Walipofika nyumbani Mihayo alikuwa bado anatikisa kichwa. "Kumbe mwenzangu alikuwa anaumia kweli, na mimi nacheka!"

 Mama Kulwa akakunja mkono wa gauni lake. Mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko.

"Huyu ni nyuki wa juzi, kutoka ile mizinga yako miwili nyuma ya jiko," alisema. "Kila msimu huwa hivi. Mwaka jana nilibanwa na pumzi, nikakwambia ni mafua."

Mihayo akapigwa na butwaa. "Mke wangu! Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia, Baba Kulwa. Mwaka ule ulionioa. Ukacheka, ukasema nitazoea."

 Jioni ile, nyuki walipokwisha kuingia mizingani, mzee aliibeba ile mizinga yote miwili akaipeleka porini, mbali kabisa na nyumba. Kesho yake akapanda tena bodaboda, safari hii kumpeleka mkewe hospitali, na mbele ya daktari akaeleza kila kitu, pamoja na kicheko chake.

Siku chache baadaye Mama Kulwa alikuwa anaepua sufuria, moto ukamgusa kidole. "Ish!" akasema, kidogo tu.

Mihayo akaruka kutoka kwenye kiti, Mandazi nyuma yake. "Inauma wapi? Nionyeshe! Tuite bodaboda?"

Mama Kulwa akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Kaa chini, mume wangu. Moto huu ndio niliouzoea."

Lakini kidole alimpa, akipulize.

Funzo: Usipime maumivu ya mwenzako kwa ngozi yako. Anayekuambia "naumia" hakuombi umfundishe kuvumilia; anakuomba umwamini, na usingoje aanguke ndipo umwamini.