Glasi ya Upatanisho

Mtu mmoja wa Dodoma, jina lake Yona, alikuwa na ulimi uliosifika. Kazi yake ilikuwa kuonja mvinyo na kuupa alama. Aliitazama rangi yake kwenye mwanga, akaunusa, akauzungusha mdomoni, kisha akautema, maana mwonjaji anayemeza kila anachoonja hafiki jioni na akili zake. Katika kazi hiyo hakuna aliyemweza. Ila yeye na mdogo wake, Elieza, walikuwa hawasalimiani tangu walipogombania shamba la zabibu la marehemu baba yao.

Mama yao alipoanza kudhoofika, Elieza alijishusha, akamwita kaka yake wapatane. Kwao, waliogombana hunywa kutoka chombo kimoja: mkubwa anatangulia, anampokeza mdogo. Aliyemeza amesamehe. Elieza hakutaka kumpa kaka yake kinywaji cha hivi hivi. Alihangaika mpaka akapata chupa ya mvinyo mwekundu wa Kifaransa, ule wenyewe. Ukoo ukakusanyika, na mama akaegemezwa kwenye mito awe shahidi, maana kwao shahidi ni mzazi.

Yona alikuja na moyo mweupe, tusimsingizie. Siku hiyo alitaka kweli kupatana na ndugu yake. Lakini alipopokea glasi, mkono ulifuata mazoea. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akanusa, akafumba macho. Akatia funda mdomoni, akalizungusha taratibu huku ukoo mzima ukimngoja ameze. Kisha akainama, akatema kwenye bakuli la kunawia, akasema ni mvinyo mzuri sana, hajapata kuonja kama huo.

Watu walipigwa na butwaa. Mama alijifunika uso kwa kanga. Yona aliwatazama asielewe, mpaka alipoona wekundu ule ukitawanyika ndani ya maji ya bakuli. Hakuamini kwamba ni mdomo wake uliofanya vile, mbele ya mama yake.

Elieza akaichukua glasi kutoka mkononi mwake bila ugomvi.

"Kaka, nilikuita unywe. Nani alikuambia upime?"

Yona alinyoosha mkono arudishiwe glasi, ameze hata tone. Mama alikuwa ameshaomba arudishwe kitandani, na bila shahidi hakuna upatanisho.

Nanyi ndugu zangu, kila Jumapili mnatoka mlango ule wa kanisa mkisema neno la leo lilikuwa tamu: je, kuna aliyemeza?