Mikono ya Darasa la Mwalimu Nyati

Haya, sogeeni. Wewe mwenye kaptula ya bluu, acha kumfinya mwenzako. Hadithi hii ina hesabu ndani yake, na mimi mwenyewe iliwahi kunichanganya kichwa, kwa hiyo nataka utulivu.

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walivaa sare na kugongewa kengele ya mapumziko, Mfalme Simba alirudi nyumbani akamkuta mwanawe wa darasa la nne amelala chali, tumbo limemvimba.

"Niliacha kambare sita ugawane na dada zako wawili," Simba akasema. "Wako wapi?"

"Nilishindwa kugawa, Baba. Nikaona nisipoteze muda."

"Nguuurrr!" Simba alinguruma mpaka vikombe vikaanguka kabatini. "Walimu wa nchi hii wanafunzwa wapi? Nani anawafunza?"

Nchi ile ilikuwa na vyuo viwili vya ualimu. Kimoja kilikuwa cha Tembo. Kilikuwa na ghorofa mbili, geti la chuma na wanachuo mia mbili. Kingine kilikuwa cha Bibi Pimbi, kule kwenye majabali. Chenyewe kilikuwa na vyumba viwili, mabati manane na wanachuo tisa. Pimbi, kwa msiomjua, ni mnyama mdogo anayekaa kwenye mawe. Unaweza kumtia kwenye kapu la sokoni na bado ukapata nafasi ya nyanya.

Simba akatoa amri. "Vyuo vipimwe! Kinachoandaa walimu vizuri kibaki. Kingine kifungwe, mabati yake yakaezeke zahanati."

Bibi Pimbi aliposikia alikaa chini pu! Miaka kumi na minne alikuwa amekilea chuo kile, na kila bati alilijua kwa mlio wake mvua ikinyesha. Aliogopa, siwafichi.

Kazi ya kupima akapewa Kifaru, mkaguzi wa shule. Kifaru alivaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, na bado alikuwa akisalimia miti. Alibeba mkoba wa fomu.

"Kila chuo kinipe mhitimu mmoja," akasema. Tembo akamtoa Nyati. Bibi Pimbi akamtoa Digidigi, mwembamba, mwenye aibu, anayerukaruka akiguswa.

Kifaru akaleta mzani wa kupimia mahindi. Nyati akapanda. Dwii! Mshale ukazunguka mpaka ukakwama. Digidigi akapanda. Mshale haukuwa hata na habari.

"Nyati ameandaliwa zaidi," Kifaru akaandika.

"Bwana Mkaguzi," Bibi Pimbi akauliza, "unapima ualimu au unapima nyama?"

"Swali hilo limo kwenye fomu?"

"Halimo."

"Basi usinichanganye."

Akageuza ukurasa. "Haya, Nyati. Je, umeandaliwa vizuri?"

"Vizuri kupita kiasi!" Nyati akajibu. "Nina cheti, nina joho, nina hata picha nikiwa nimevaa joho!"

"Na wewe, Digidigi?"

"Bado naogopa, Bwana Mkaguzi. Kila siku kuna mtoto ambaye sijamwelewa."

Kifaru akakuna pembe. "Huyu anasema ameiva. Huyu anasema bado. Sasa aliyeiva ni anayesema ameiva, au aliyeiva kweli ndiye anayejua hajaiva? Mbona kichwa kinauma?"

"Wapime watoto," Bibi Pimbi akasema.

"Watoto gani? Wamesoma chuo?"

"Hawajasoma."

"Wana vyeti?"

"Hawana."

"Sasa wanaingiaje kwenye fomu yangu?"

"Bwana Mkaguzi, mwalimu akifunzwa vizuri, itaonekana wapi kama si kwa watoto anaowafundisha?"

Kifaru akaenda nyumbani, akalala na kitambaa cha maji baridi usoni. Kesho yake akakubali, ingawa hakuwa na uhakika amekubali nini.

Wakaenda Shule ya Msingi Mtoni, yenye mikondo miwili ya darasa la nne. Kila mkondo ulikuwa na watoto arobaini, na somo lilikuwa kugawanya. Kabla ya kuanza, Kifaru aliwauliza watoto mmoja mmoja. Mkondo A waliojua kugawanya walikuwa wanne. Mkondo B walikuwa wanne pia. Nyati akapewa A. Digidigi akapewa B, humohumo alimokuwa mtoto wa Simba.

"Nitarudi baada ya mwezi," Kifaru akasema, akaupa mkono mlingoti wa bendera, akaondoka.

Basi Nyati akaingia darasani. "Kugawanya ni dhana!" akatangaza. "Nakilini!" Watoto wakanakili. Kesho yake, "Dhana ina vipengele saba! Nakilini!" Wakanakili mpaka kalamu zikaisha wino. Mwezi ukayoyoma. Akawauliza, nani anajua kugawanya? Wanne. Walewale.

Jasho likamtoka. Akamwendea Tembo. "Mkuu, shikamoo. Nimekwisha. Ninao wanne tu."

"Marahaba. Wanne wanatosha, kijana! Umesahau tulichokufundisha?"

Nyati akakumbuka. Akarudi mbio, vumbi tifu tifu, akalifanyisha darasa mazoezi siku mbili nzima.

Jioni ya pili, binti Ngedere aitwaye Ndururu, wa mkondo A, alipita kwenye majabali akitoka shule. Bibi Pimbi alikuwa anamenya mihogo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umenuna? Kesho si mnakaguliwa?"

"Tunakaguliwa. Mimi ni wa kushoto, Bibi."

"Wa kushoto ndiyo nini?"

"Mwalimu akiuliza, wote tunanyoosha mikono. Anayejua ananyoosha wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Mwalimu atachagua wa kulia tu, ili mkaguzi aone darasa zima linajua. Wa kulia wako wanne." Akainamisha kichwa. "Mimi nilitaka kujua, lakini mwalimu amesema wa kushoto tusimsumbue, muda umeisha."

Kisu cha Bibi Pimbi kikasimama katikati ya muhogo. Alikasirika. Alikasirika mpaka masikio yakamtetemeka. Angeweza kwenda kushtaki, lakini nani angemsikiliza mnyama wa kuenea kwenye kapu la sokoni akimshtaki Tembo? Tembo angekana, watoto wangetishwa, yangeishia hapo.

Akafikiri. Halafu akacheka kidogo, hii! hii! "Nenda nyumbani, Ndururu. Kesho mtakula miwa."

Asubuhi, watoto wa mkondo A walipofika getini walimkuta Bibi Pimbi na mzigo wa miwa, imekatwa vipande arobaini.

"Hamjambo, wajukuu!"

"Hatujambo! Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba. Kila mtu kipande kimoja. Mnakula kengele ya mapumziko ikigonga, si kabla. Shikeni mkono wa kushoto, chini ya dawati, wa kulia ubaki wa kuandikia. Na atakayekiachia kipande chake, jirani akakitafuna, mimi simo!"

Watoto wakamtazama mtoto wa Ngiri, ambaye kwa kutafuna vya watu alijulikana mpaka kijiji cha pili. Kila mmoja akabana muwa wake kwa nguvu zote.

Kifaru akaanza na mkondo B. Akakaa nyuma, Bibi Pimbi pembeni yake, Tembo nje, maana mlango ulimkataa. Alikuwa ameingiza mkonga dirishani.

"Viazi kumi na viwili, watoto watatu," Digidigi akasema. "Kila mmoja atapata vingapi?"

Mikono ikanyooka. Kifaru akahesabu. Ishirini na mitatu.

"Ishirini na mitatu tu?" akanong'ona. "Kati ya arobaini? Hii si nzuri."

Na Digidigi, badala ya kumchagua aliyenyoosha, akamchagua mtoto wa Simba, aliyekuwa amejificha nyuma ya daftari.

"Sijui, Mwalimu," mtoto wa Simba akasema.

"Hh! Hh!" Tembo akacheka dirishani.

"Haya, njoo mbele. Viazi hivi hapa. Wape wenzako wawili, na wewe mwenyewe. Kimoja kimoja."

Mtoto wa Simba akavitazama viazi, akalamba midomo. Akampa wa kwanza kimoja. Wa pili kimoja. Akajiwekea kimoja. Akaanza tena. Mpaka meza ikabaki tupu.

"Nina... vinne?" akasema. Akawatazama wenzake. "Wote tuna vinne!"

Kifaru akaandika, akafuta, akaandika tena. "Asiyejua amejua mbele yangu. Sasa niandike alikuwa hajui, au niandike anajua?" Akaweka alama ya kuuliza.

Wakahamia mkondo A. Nyati alikuwa amepaka pembe mafuta, anang'aa.

"Viazi kumi na viwili, watoto watatu! Kila mmoja vingapi?"

Shwaa! Mikono arobaini hewani.

"Lo!" Kifaru akaruka. "Arobaini! Darasa zima!"

Lakini Nyati alikuwa amekodoa macho. Mikono yote ilikuwa ya kulia. Yote! Alitafuta wa kushoto hata mmoja, hakuna.

"Chagua wa kulia!" Tembo akanong'ona dirishani.

"Wote ni wa kulia, Mkuu!"

"Haiwezekani!"

"Mnasema nini hapo?" Kifaru akauliza.

"Tunafurahi tu, Bwana Mkaguzi," Nyati akasema. Wale wanne walikuwa nani? Alishawahi kujua sura zao? Alizoea kutazama mikono tu. "Wewe!"

Mtoto wa Ngiri akasimama. "Sijui, Mwalimu."

"We... wewe!"

Mtoto wa Kobe akasimama polepole, polepole, mpaka Nyati akapata matumaini. "Sijui, Mwalimu."

"Wewe!"

"Naomba kwenda chooni, Mwalimu."

"Wewe basi!"

Ndururu akasimama. "Sijui, Mwalimu."

Kifaru akavua miwani ya kwanza. Akavua ya pili. "Ngojeni. Mtoto, kama hujui, mkono ulinyoosha wa nini?"

"Tumeambiwa tunyooshe wote, Bwana Mkaguzi. Anayejua wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mimi ni wa kushoto." Akauinua mkono wake wa kushoto kutoka chini ya dawati. "Lakini leo wa kushoto umeshika muwa."

Watoto wengine nao wakainua, wakidhani wameamriwa. Vipande arobaini vya miwa vikasimama hewani.

"Miwa imetoka wapi?" Kifaru akauliza.

"Ni msimu wake, Bwana Mkaguzi," Bibi Pimbi akasema, akitazama dari.

Kifaru akamgeukia Nyati. "Nani alikufundisha mambo haya ya mikono?"

Nyati, mnyama mzima mwenye kifua kama mlango wa ghala, akaanza kulia. "Chuoni, Bwana Mkaguzi. Mwaka wa pili, somo la Kupokea Wakaguzi. Ndilo nililopata A." Akapangusa pua. "Sikufundishwa kingine. Kila asubuhi naingia humu sijui niwafanyie nini wale thelathini na sita. Sijui kabisa."

Dirishani, mkonga wa Tembo ukaanza kurudi nyuma, polepole, polepole, ukatoweka.

Kifaru akatazama fomu zake zote. Uzito, vyeti, ghorofa, idadi ya mikono. Akazikunja, akazitia mkobani. Akachukua karatasi tupu, akazunguka mikondo yote miwili akimuuliza kila mtoto peke yake, kama alivyofanya mwezi uliopita. Mkondo A, wanne. Mkondo B, thelathini na mmoja, maana waliojua wakaona haya kunyoosha nao walihesabiwa.

"Walianza wanne, wako wanne," akasema taratibu. "Na hawa walianza wanne, wako thelathini na mmoja. Kumbe ni hivi tu? Mbona hamkuniambia?"

"Nilikuambia, Bwana Mkaguzi," Bibi Pimbi akasema.

Jioni ile Simba aliacha kambare sita mezani akajificha nyuma ya pazia. Mwanawe akampa dada mmoja wawili, dada wa pili wawili, akabaki na wawili. Simba akatoka nyuma ya pazia akalia kama mtoto. Kesho yake mabati ya ghorofa ya Tembo yakaanza kushushwa, ngwaa! ngwaa!, yakaenda zahanati.

Wiki ile ile mtu akabisha hodi kwenye majabali. Alikuwa Nyati, joho limekunjwa kwapani.

"Shikamoo, Bibi. Nataka kuanza upya. Mwaka wa kwanza."

"Marahaba. Ingia, mwanangu, inamisha pembe. Utakaa pale karibu na Ndururu. Anakuja jioni nimfundishe kugawanya, na leo utamfundisha wewe."

Nyati akakaa chini, akatoa viazi kumi na viwili. Walihangaika, wakakosea, wakaanza tena, mpaka giza likakaribia. Mara Ndururu akaruka juu. "Vinne! Ni vinne!" Halafu akamtazama Bibi Pimbi kwa wasiwasi.

"Bibi, sasa mimi ni wa kulia au bado ni wa kushoto?"

"Wewe una mikono miwili, mjukuu wangu," Bibi Pimbi akasema, akimpa kipande kipya cha muwa. "Kula muwa wako."

Nami naishia hapo vilipoishia viazi, na funzo lake ni hili: ukitaka kujua chuo kimemwandaa mwalimu vipi, acha cheti chake, kamuulize mtoto aliyekaa nyuma kabisa darasani.