Sauti ya Baraza Hulelewa Dunguni

"Sauti ya baraza hulelewa dunguni." Ndivyo alivyosema mjomba wenu leo, baada ya Namsifu kuinuka kwenye kikao cha harusi, akatazama vidole vyake, akaketi bila kutoa neno. Mkacheka, kisha mkaniuliza dungu linahusiana nini na kikao. Namsifu, sogea karibu, maana hadithi hii ni yako zaidi. Dungu ni ule ulingo wa miti anaokaa mtu kuamia, yaani kufukuza, ndege shambani, na msemo wenyewe ulizaliwa namna hii.

Zamani, huku chini ya milima ya Upare, mashamba ya mtama yalinyweshwa kwa mfereji mmoja. Kila kaya ilikuwa na zamu yake ya maji, na zamu ilikuwa ya yule anayejitokeza kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji. Palikuwa na sharti jingine: mwenye dai la maji husimama barazani akajisemea mwenyewe. Hasemewi na ndugu wala jirani. Wazee walijua kwamba anayekuombea maji, kesho naye atataka kuyanywa.

Alikuwapo mjane kijana, jina lake Nakundwa. Mumewe aliugua muda mrefu kabla ya kufa, na muda wote huo Nakundwa ndiye aliyeshika jembe mferejini. Matanga yalipokwisha, shemeji yake Mbonea akadai zamu irudi kwa ukoo, yaani kwake yeye. Bila maji, shamba la Nakundwa lingekuwa vumbi, na wanawe wangekwenda kulelewa kwa shemeji huyo huyo.

Siku ya baraza Nakundwa akasimama. Kisimani hakuna aliyemweza kwa maneno, lakini alipoona macho yote yamemgeukia, magoti yakacheza. Akasema, "Mimi... naomba..." akaketi.

"Mmesikia wenyewe," akasema Mbonea, hana hata chembe ya haya. "Hana la kusema."

Mzee Kajiru, msimamizi wa mfereji, akatangaza kuwa dai litasikilizwa tena mara moja tu, mtama ukishavunwa. Nakundwa alilia njia nzima. Alipofika nyumbani akanawa uso, akasema, "Nitasema. Hata nikitetemeka, nitasema."

Mtama ukaanza kukomaa, kwelea wakaja makundi kwa makundi. Nakundwa akapanda dunguni na kombeo lake. Alirusha jiwe, akapiga ukelele, "Hoyaaa!" Ndege wakisharuka, aliuhutubia mtama maneno yake ya barazani. Shamba la pili alikuwa akiamia bibi mmoja, Nanzia, mwenye mdomo mkali kama pilipili.

"We Nakundwa! Unaongea na nani huko?"

"Najifunza kusema barazani, bibi."

"Basi sema nisikie. Kwa kunong'ona huko, hata kwelea hawakuogopi."

Akasema. Bibi akapaza sauti, "Sijasikia! Rudia!" Akarudia. "Sasa nimesikia maji, nimesikia na mfereji. Jina lako umelimeza. Anayedai ni nani, upepo?"

Ilikuwa kweli. Kila alipofika kwenye jina lake alishusha sauti, kana kwamba kutaja jina ni kuomba radhi. Tangu hapo akawa anaanza na jina. Yako mapambazuko aliyosema vizuri, na iko jioni moja aliyokosea mpaka akalitupa kombeo chini, akashuka kwa hasira. Kesho yake alipanda tena. Bibi Nanzia hakumsifu hata kidogo. Alidai tu arudie.

Mtama ukavunwa, baraza likakaa. Nakundwa akasimama, akafungua kinywa, na papo hapo Mbonea akakohoa kwa makusudi. Maneno yote yakamtoroka. Kwa mazoea mkono wake ukazunguka juu kama wenye kombeo, na kikamtoka kile alichokizoea, "Hoyaaa!"

Baraza zima likaangua kicheko. "Leo anatufukuza kama ndege!" akapiga kelele Mbonea. Nakundwa alitamani ardhi ipasuke immeze. Magoti yakaanza kukunjika, na kuketi kulikuwa kupoteza kila kitu.

Kutoka nyuma ya watu ikasikika sauti kavu ya Bibi Nanzia. "Sijasikia! Rudia!"

Nakundwa akanyoosha magoti.

"Mimi ni Nakundwa," akasema, na waliokaa mwisho kabisa wakasikia. "Wazee wangu, shikamooni. Mkishacheka, nisikilizeni. Mume wangu alipokuwa kitandani, ni nani aliyezibua mfereji pale jabalini? Mafuriko yalipoubomoa, nani alibeba mawe? Aliyeniona mimi, aseme. Na aliyemwona shemeji yangu, naye aseme."

Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, lakini sauti haikutetemeka. Akawangoja. Mmoja baada ya mwingine wakamtaja yeye; hakuna aliyemtaja Mbonea.

"Lakini ukoo..." akaanza Mbonea.

"Ukoo haukushika jembe," akamkatiza Mzee Kajiru. "Maji ni ya Nakundwa."

Watu walipokuwa wakitawanyika, Mbonea akamfuata Bibi Nanzia akiwa amefura. "Mwanamke yule mwaka huu huu alishindwa kusema neno. Umempa dawa gani hata akapata sauti ile?"

"Dawa? Nenda kauulize mtama," akasema bibi. "Sauti ya baraza hulelewa dunguni."