Kidole cha Tatu

Wahenga hawakusema kwamba mwongo hana njia. Njia anayo, tena imefyekwa vizuri, haina miba wala mawe, na mwanzoni mwake hakukosekani watu wa kumpungia mkono apite. Walichosema ni kwamba njia hiyo ni fupi. Mwenye kuipita hujiona amewatangulia wenzake, kumbe amefika ukingoni mwa korongo. Corinne Tully, mkazi wa Dothan katika jimbo la Alabama, aliipita njia hiyo akiwa amemshika mwanawe mkono, na kisa chake ndicho hiki.

Mambo yalianzia jikoni kwake, mwishoni mwa majira ya baridi, alipokaa kuchagua mpango wa chakula wa likizo. Kwa muda mrefu yeye na mumewe Wade walikuwa wamewaahidi watoto kwamba watawapeleka Ghuba ya Barnaby, bustani ya michezo iliyoko Florida, ambako kobe mkubwa aliyevaa kofia ya nahodha huwapokea wageni langoni. Emmett, mwenye umri wa miaka saba, alikuwa amebandika picha ya kobe huyo juu ya kitanda chake. Josie, mdogo wake, alikuwa ametimiza miaka mitatu juzi juzi tu. Tangu siku ya keki, Josie hakukutana na kiumbe asimwonyeshe vidole vitatu: alimwonyesha mchungaji kanisani, fundi wa bomba, na hata mbwa wa jirani.

Mipango ya chakula ilikuwa miwili. Mdogo ulikuwa wa kununua vyakula dirishani na kuvila kwenye benchi juani. Mkubwa ulikuwa wa kukaa mezani na kuhudumiwa, na juu ya hayo ulikuwa na staftahi pamoja na Kapteni Barnaby mwenyewe, ndiye yule kobe, ambaye hupita meza kwa meza akiwakumbatia watoto. Corinne alitaka huo mkubwa. Yeye mwenyewe alikulia katika nyumba ambamo likizo zilikuwa za watu wengine, naye alikuwa ameapa kwamba wanawe hawatakaa benchi wakiwatazama wenzao kupitia kioo.

Tatizo lilikuwa sheria ya bustani. Familia nzima ilipaswa kuchukua mpango mmoja, na kila mtu kuanzia miaka mitatu alilipiwa chakula chake. Aliye chini ya hapo alikula bure katika sahani ya mzazi. Kwa watu wanne mpango mkubwa uliwazidi kimo. Kwa watatu waliuweza kwa kujibana.

Wifi yake Darla, dada yake Wade, aliyekuwa akienda huko kila mwaka, alicheka sana alipopigiwa simu.

"Wewe nawe, wifi," alisema. "Nani atakudai cheti cha kuzaliwa pale langoni? Josie mwenyewe kadogo kama kifaranga. Sema ana miwili, basi. Wangu alikuwa na miwili mpaka akaanza shule."

Wade, ambaye ni fundi wa matrekta na si mtu wa maneno mengi, hakulipenda wazo hilo. Alisema mtoto anaringia miaka yake, na haifai mama yake mzazi amnyang'anye mmoja. Corinne akamjibu kwamba ni mchezo wa siku chache tu, hakuna atakayeumia. Wade akanyamaza, na kwa kweli kunyamaza kwake kulikuwa sehemu yake ya kosa.

Jambo moja lilimfanya Corinne asite. Bustani ilitaka kujua, kwa kila aliyelipiwa chakula, kama kuna kitu kinachomdhuru. Josie hakupatana na pekani, zile kokwa zinazoanguka zenyewe uani kwa bibi yake na ambazo kila mwanamke wa Dothan hutia katika keki. Sikukuu ya Shukrani iliyopita alilamba kijiko cha pai, uso ukamvimba mpaka macho yakafumba, akapona kwa sindano. Tangu siku hiyo Corinne hakutoka nyumbani bila sindano ya namna hiyo mkobani. Lakini mtoto asiyelipiwa hakuwa na pa kuandikiwa chochote, kwani kwa jiko la bustani hakuwa mlaji. Corinne akapiga moyo konde, akajiambia kwamba atauchunga mdomo wa bintiye kama anavyouchunga nyumbani.

Njiani kuelekea kusini, ndani ya gari, somo lilitolewa. Josie alitakiwa kuonyesha vidole viwili. Kila alipoulizwa alitoa vitatu, halafu akakumbuka, akakikunja cha tatu kwa mkono wa pili na kukishikilia kama mtu anayezuia mlango usifunguke. Emmett, kwa utundu wake, alimtisha kwamba kidole hicho kikitokeza tu, wote watarudishwa nyumbani. Corinne alicheka. Wade hakucheka, alikaza macho barabarani.

Langoni hawakuulizwa kitu. Siku ya kwanza ilipita kwa furaha: watoto walipanda farasi wa mbao, walilowa kwenye maporomoko ya maji, na jioni Josie alilala begani kwa baba yake akiwa na sukari masikioni. Corinne alijiona mjanja kuliko wote waliokula kwenye benchi. Kitu kimoja tu kilimtia wasiwasi. Wakati wa chakula cha jioni alimwona mpishi mkuu akitoka jikoni na kwenda meza ya jirani, ambako kulikuwa na mtoto asiyekula mayai. Ndiyo desturi ya pale: mpishi huchuchumaa mbele ya mtoto mwenye mzio, akamuuliza jina na umri wake, wakacheka kidogo, kisha akamletea sahani yenye kibendera cha kijani ambayo hakuna mkono mwingine unaoigusa. Corinne alitazama kidole cha tatu cha mwanawe, akakosa raha.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa ndiyo ile ya staftahi na Kapteni. Wade aliwachukua watoto kwenda kupiga picha na kobe, na Corinne akabaki mezani. Msichana wa kuhudumia, aliyejitambulisha kwa jina la Marisol, alikuja akitabasamu, akauliza kama kuna yeyote katika familia anayedhurika na chakula fulani.

Corinne alifungua kinywa. Neno lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Kisha akamwona mpishi akichuchumaa, akamsikia akimuuliza Josie umri wake, akakiona kile kidole kikichomoka mbele ya watu wote.

"Hapana," alisema. "Hakuna."

"Nina maana hata mtoto mdogo, mama. Tunamwita mpishi, hachukui muda."

"Nimesema hakuna, asante."

Marisol akaandika na kwenda zake. Wade aliporudi na watoto, wakiwa bado wanamwongelea kobe, aliketi na kuinama karibu na mkewe. Alimuuliza kama amewaambia kuhusu pekani. Corinne angeweza kusema kweli hata hapo. Lakini kusema kweli kungemlazimu aeleze kwa nini alikuwa amekataa, na Emmett alikuwa akisikiliza. Aliitikia kwa kichwa. Ule uongo aliomwambia Marisol ulikuwa wa maneno. Huu wa pili haukuhitaji hata neno.

Chakula kikaja. Kulikuwa na mayai, nyama ya nguruwe iliyokaangwa, na mrundiko wa pankeki zilizomiminiwa shira, juu yake kipande cha siagi kinachoyeyuka. Corinne alizichunguza, hakuona kokwa. Hakujua kwamba ndani ya siagi hiyo pekani ilikuwa imesagwa ikawa laini kama unga. Aliyeandikwa kwa mpishi angeambiwa. Alianza kumpakulia Josie mayai, lakini Josie akaipiga bilauri kwa kiwiko, na juisi yote ikamwagikia nguo yake. Corinne akainuka haraka kwenda kuchukua nguo nyingine katika kigari cha mtoto, kilichoachwa nje pamoja na vigari vya wengine. Mkoba alikuwa nao begani.

Aliporudi, Kapteni Barnaby alikuwa meza ya pili kutoka kwao na watoto walikuwa wakipiga makofi. Josie hakupiga. Alikuwa akijikuna shingo. Midomo yake ilikuwa imeanza kuvimba, na alipokohoa sauti ilitoka nyembamba na ya kukwaruza. Mbele yake kulikuwa na pankeki iliyoumwa mara mbili.

"Nimempa kidogo kutoka kwangu," Wade alisema, naye alikuwa ameshasimama. "Corinne, si uliwaambia?"

Corinne alitoa sindano, akaikandamiza pajani kwa mtoto kama alivyofundishwa, akahesabu sekunde. Kobe alivua mikono yake mikubwa ya kitambaa, ndani ya vazi mkatoka kijana mwenye jasho aliyekimbia kuita msaada. Watoto wa meza za karibu walianza kulia. Josie alimtazama mama yake kwa macho yaliyokuwa yakizibwa na uvimbe, na kila pumzi aliyoivuta ilipiga mluzi.

Wahudumu wa dharura walifika upesi, wanaume wawili na mwanamke. Walimlaza Josie sakafuni, wakamvalisha kinyago cha hewa. Mwanamke yule alisema dawa ya kwanza haijatosha, itabidi aongezewe, na akauliza bila kugeuka uzito wa mtoto na miaka yake.

Aliyejibu ni Emmett. Alijibu kwa haraka na kwa ushupavu, kama mtoto aliyeulizwa swali alilolikariri.

"Miwili. Ana miaka miwili."

Mhudumu alimtazama Josie, kisha wazazi. "Miwili? Mama, nahitaji kujua kweli, ndipo nipime dawa yake."

Nyuma yao meneja alikuwa akimhoji Marisol kwa sauti ya chini, na Marisol alikuwa akirudia kwamba aliuliza, anaapa aliuliza hata mara ya pili. Meneja alimtazama kwa jicho la mtu ambaye ameshaamua. Corinne alimwona Emmett akimtazama, akingoja kusifiwa kwa kuwa hakusahau somo. Hapo ndipo alipohisi jinsi njia ilivyoisha. Kushoto kwake kulikuwa na mtoto asiyeweza kupumua, kulia mtoto aliyefundishwa kudanganya hata mbele ya kifo, na hakukuwa na pa kupitia.

"Ana mitatu," alisema, na alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mitatu na mwezi mmoja. Nilidanganya ili ale bure. Huyu binti aliniuliza kuhusu mzio nikamwambia hakuna. Mwacheni. Kosa ni langu."

Kisha akataja uzito, ule wa kweli. Mhudumu hakumkaripia. Alijaza dawa, akachoma, na akaanza kungoja, na wote wakangoja pamoja naye. Mluzi ule ulipopungua, Wade aliketi sakafuni kando ya mwanawe.

Hospitalini, mchana, uvimbe ulianza kushuka. Daktari alisema mtoto atalala pale chini ya uangalizi na kwamba amenusurika. Wade alisimama dirishani akitazama maegesho ya magari. Alisema bila kugeuka.

"Nilikuuliza, Corinne. Nikakuuliza, ukaitikia. Mimi ndiye niliyemtilia kinywani. Kwa mkono wangu huu."

Corinne alilia bila kuficha uso. Emmett alikuja kumwegemea, akamuuliza kwa kunong'ona kama yeye ndiye aliyekosea kusema miwili. Swali hilo lilimchoma kuliko maneno ya mumewe. Alimwambia hapana, na akamwomba radhi, naye Emmett akashangaa, maana hakujua kwamba wazazi huomba radhi.

Muuguzi wa zamu, mzee mmoja mwenye sauti ya upole, aliingia kubadilisha chupa ya dripu. Alimwona Josie amefumbua macho.

"Aha, ameamka bibi mdogo. Una miaka mingapi wewe?"

Josie hakumtazama muuguzi. Alimgeukia mama yake kwanza, akamsoma uso kwa muda. Kisha akatoa mkono chini ya shuka, vidole viwili vimesimama, na kwa mkono wa pili, uliofungwa mpira wa dripu, akajitahidi kukikunja cha tatu.

Corinne akauondoa mkono ule taratibu.

"Onyesha vyote, mwanangu."

"Hatutarudishwa nyumbani?"

"Nyumbani tutarudi," mama alisema. "Lakini si kwa sababu ya kidole chako. Ni kwa sababu ya ulimi wangu."

Kidole cha tatu kilisimama polepole, bado kina woga, na ilichukua muda mrefu, hata baada ya kurejea Dothan, kabla mtoto yule hajaacha kumtazama mama yake kwanza kila alipoulizwa umri. Mpango mkubwa wa chakula uliishia kwenye pankeki iliyoumwa mara mbili. Waliosema walikuwa wameona: njia ya mwongo ni fupi.