Nyaya za Chiriku

Mzunguka moto hufika na cheche.

Jana kwenye harusi mlimsikia shangazi yenu Mwanaidi akimwambia bwana harusi maneno hayo, naye akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Hakuelewa, nilimwona. Na nyinyi nanyi, badala ya kumaliza kuosha masufuria ya watu, mmenijia hapa kuniuliza ni wahenga gani waliosema. Wahenga! Wahenga wake nawajua kwa majina. Mmoja alinusa ugoro mpaka shati likabadilika rangi. Mmoja alikuwa haoni. Wa tatu ndiye huyu aliyekaa mbele yenu kwenye kiti cha kukodi. Methali hii ilizaliwa Korogwe, gerejini kwangu, asubuhi ya Idi Pili, na iliyoizaa ni jeuri yangu.

Kaka yangu Mndolwa, babu yenu mkubwa, alikuwa na gari dogo jekundu la mashindano, la milango miwili. Sauti yake ilikuwa nyembamba na haikukoma, basi mama yetu akaliita Chiriku. Mama alikuwa amepoteza macho miaka mingi kabla ya gari kununuliwa. Hakuliona hata siku moja, lakini alilijua kwa mlio. Likiwa bado ng'ambo ya daraja, yeye ameshasema mwanangu anakuja, wekeni maji ya chai.

Siku hizo kila Idi Pili palikuwa na mashindano ya magari. Yalianzia sokoni, yakapita katikati ya mashamba ya mkonge, yakapanda mlima, yakazunguka kule juu na kurudi mjini. Mama alitandikiwa mkeka pale pa kumalizia, chini ya turubai, na wasichana wa mtaa wakakaa naye na ngoma zao, tayari kumpokea Mndolwa.

Miaka mitatu mfululizo Mndolwa alirudi akiwa amefungwa kamba nyuma ya trekta.

Mwaka wa kwanza nilisema ni kabureta. Wa pili nikasema petroli ilitiwa maji. Wa tatu nikasema kuna mtu ametuchezea, na nusura nimtaje jirani. Fundi akikosa la kusema hushika la uchawi, nanyi mkiwa mafundi mjihadhari. Watu walicheka, na Mama akacheka nao. "Mmeniletea trekta tena," akasema. Lakini usiku wa mwaka ule wa tatu alituita mimi na kaka yangu.

"Wanangu," akasema, "mimi siku zangu si nyingi. Ushindi siutaki, mpeni mwenye haja nao. Mimi nataka nimsikie mwanangu akirudi kutoka mashindanoni kwa mlio wa gari lake. Mara moja tu, nami niridhike."

Mndolwa alinitazama. Hakunilaumu kwa neno, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu dereva alikuwa yeye lakini fundi wa Chiriku nilikuwa mimi.

Sasa sikilizeni jambo la nyaya, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Injini ya petroli huwaka kwa cheche. Kila silinda ina plagi yake, na kila plagi huletewa umeme kwa waya wake. Chiriku alikuwa na silinda nne, basi nyaya nne. Shida ni kwamba kwenye injini ile plagi na mabomba ya ekzosi vilikaa upande mmoja. Gari likipanda mlima kwa kasi, mabomba yale huwa mekundu kama kaa la moto, na waya ukiungua injini huzimika.

Na mimi nyaya zangu nilizipenda zikiwa fupi na zimenyooka. Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa akisema ukitaka kumjua fundi, fungua boneti utazame nyaya. Tena Korogwe tulikuwa na desturi: kabla ya mashindano magari yalipangwa sokoni, boneti wazi, watu wakapita kukagua. Kina mama waliosimama kwenye boneti la Chiriku walisema hapa pamefagiliwa. Nami nilisimama kando, nimekunja mikono, kichwa kimejaa sifa. Nyaya zangu nne zilitoka moja kwa moja mpaka kwenye plagi, zikipita vidole viwili tu kutoka kwenye mabomba. Kila mwaka nilizikuta zimeungua, na kila mwaka nikadhani ni uchakavu. Nilinunua mpya za aina ileile, nikazikaza zaidi zinyooke zaidi.

Msinicheke. Haya, chekeni.

Siku chache kabla ya Idi ya mwaka wa nne nilikwenda dukani kununua nyaya. Nilimkuta Mihayo, fundi wa pampu za maji kwenye shamba la mkonge. Mihayo alikuwa Mnyamwezi, na sisi ni Wazigua, kwa hiyo alikuwa mtani wangu. Mnajua utani wetu ulivyo. Mnyamwezi anaweza kuingia kwako, akala chakula chako, akakutukana kwa upishi mbaya, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Alikuwa mfupi, na ugoro ulikuwa hauishi puani.

Nilichukua seti ya nyaya nyekundu, nyembamba, fupi, zinazong'aa. Mihayo akaagiza nyingine. Zake zilikuwa nyeusi, nene, ndefu kupita kiasi, mpira wake mzito wa kuvumilia joto, na vile vikofia vya kuvalisha plagi vilikuwa vimepinda.

"Za nini hizo?" nikamwuliza. "Za baiskeli yako?"

"Za maiti," akajibu, akapiga chafya, akaondoka.

Asubuhi ya Idi Pili ikafika. Boneti la Chiriku lilikuwa limekwisha kukaguliwa na kusifiwa tangu saa kumi na mbili na nusu, na tulikuwa tumelirudisha gerejini kulitia petroli, maana gereji ilikuwa hatua chache kutoka sokoni. Mama alikaa kwenye kigoda mlangoni, amevaa kanga mpya. Mndolwa alikuwa anavaa kofia yake. Ghafla tukasikia kilio.

"Uwiii! Chiriku umetuacha! Nani atavutwa na trekta sasa?"

Alikuwa Mihayo. Amejifunga shuka jeupe begani kama sanda, jamvi kwapani, na nyuma yake Wanyamwezi sita wa shambani wanalia kwa sauti huku mbavu zinawauma kwa kicheko. Alitandika jamvi mbele ya magurudumu ya Chiriku, akajilaza chali. Mtaa mzima ukakusanyika.

Mnafahamu msiba wenye watani. Watani huweza kuzuia jeneza lisitoke mpaka wapewe haki yao, na mfiwa hana hila, lazima atoe. Lakini hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona watu wamezuia jeneza la gari.

"Mihayo, ondoka," nikasema. "Mashindano saa nne."

"Maiti haitoki. Nyinyi Wazigua mmeliua gari hili mara tatu kwa moto. Leo watani tumechoka kuzika."

"Unataka nini? Jogoo? Nitakupa jogoo."

"Jogoo wako amekonda kama kazi yako. Nataka nyaya zako. Zitoe zote nne, nivalishe zangu."

Akazitoa mfukoni zile nyeusi. Watu wakaangua kicheko, nami nikahisi masikio yanapata moto. Kunitania nyumbani ni sawa, kunitania sokoni ni sawa, lakini kugusa nyaya zangu mbele ya watu walionisifu saa mbili zilizopita! Kwa ile hasira, watoto wangu, nilisahau utani. Nilikuwa na spana mkononi, na nikapiga hatua kumwendea.

"Mtani anataka nini?" Mama akauliza kutoka kwenye kigoda.

"Anataka kuniharibia kazi, mama. Ana minyaya mirefu, anataka kuizungusha juu ya injini mpaka nyuma ndipo ishuke kwenye plagi. Njia ya hatua moja yeye anataka kuifanya tatu!"

"Na zako zinapita wapi?"

"Zinanyooka, mama. Moja kwa moja."

"Karibu na moto?"

Nikaishusha spana. Mihayo, pale chini alipolala, akanijibia: "Vidole viwili, mama. Nimepima."

Mama aliinua mkono wake wa kulia, akaugeuza huku na huku watu wauone.

"Mimi sioni," akasema, "na kila siku napika. Tazameni kama mkono huu una kovu. Chumvi yangu iko ng'ambo ya mafiga. Ningeifuata kwa kunyoosha mkono ningeungua tangu mwaka ule macho yaliponipotea. Nauzungusha. Anayezunguka moto anafika, mwanangu. Mpe mtani haki yake, mtani hanyimwi."

Mihayo akaruka kutoka kwenye jamvi. "Mmesikia, Wazigua? Mzunguka moto hufika!"

"Hufika na nini?" nikamkemea. "Na aibu?"

Alicheka tu, akaanza kazi. Nilizitoa nyaya zangu mwenyewe, moja baada ya moja, na nilizitoa kama mtu anayeng'olewa meno. Zake alizipandisha juu ya injini, akazibana kwa vibanio zisiguse chuma, akazishusha kwenye plagi kutoka juu, na vile vikofia vilivyopinda vikageuza migongo kwa mabomba. Boneti langu lililofagiliwa likawa kama matumbo ya mbuzi kwenye beseni. Mwanamke mmoja aliyelisifu asubuhi alichungulia, akaziba mdomo kwa kanga. Nililifunga boneti haraka.

Magari kumi na moja yaliondoka. Tukampeleka Mama kwenye mkeka wake, tukakaa kusubiri.

Nilikaa karibu na Mama, na kusema kweli nilikuwa na mambo mawili moyoni yanayopigana. Nilitaka kaka yangu arudi. Na kipande kidogo, kidogo sana, kilitaka nyaya za Mihayo ziungue. Naona aibu kuwaambia, lakini methali isiyo na aibu ya mtu ndani yake haifiki mbali.

Gari la kwanza likaja, watu wakapiga makofi. La pili. La tatu, la nne. Kisha mlimani tukaona vumbi likishuka polepole, na mbele ya vumbi trekta. Nyuma yake, kwenye kamba, gari jekundu.

Ngoma zikanyamaza zenyewe. Mama alisikia trekta, akainamisha kichwa, akaanza kukunja ncha ya kanga yake. Pale pale kile kipande kidogo cha moyo kikafa. Ningempa Mihayo gereji yote na spana zake kama gari lile lingekuwa si letu.

Trekta likakaribia. Gari lile la kamba lilikuwa la daktari mmoja wa Muheza, jekundu kama Chiriku, naye daktari amekaa ndani amekunja uso. Niliruka juu kwa furaha mpaka nikamkanyaga mtu, na yule daktari aliniona, hajanisamehe mpaka leo.

"Nyamazeni," Mama akasema.

Tukanyamaza. Hakukuwa na kitu. Trekta likazimwa, na bado hakukuwa na kitu. Sisi wenye macho tulikodoa kule barabarani tukaona mkonge mtupu.

"Huyo hapo," akasema. "Ng'ombe nyie, hamsikii? Huyo Chiriku. Na anaimba vizuri, hakohoi."

Ndipo nasi tukasikia. Kwanza kwa mbali, kisha karibu, silinda zote nne, sauti nyembamba isiyokoma. Chiriku akatokea kwenye kona ya mwisho amepakwa vumbi mpaka kwenye kioo, na Mndolwa mkono wake nje ya dirisha anapunga. Wasichana walizipiga zile ngoma kwa hamu ya miaka minne. Vigelegele vilipanda, Wanyamwezi sita wakabeba jamvi lao juu wakacheza nalo, na Mama, ambaye miguu ilimsumbua, alisimama bila kushikwa na mtu, akacheza pale pale juu ya mkeka. Machozi yalimtoka na alicheka kwa sauti.

Mndolwa alikuwa wa tano. Nani alikuwa wa kwanza? Sikumbuki, na Korogwe nzima hakuna anayekumbuka.

Nilifungua boneti mbele ya watu wote. Mabomba yalikuwa bado yanatoa joto la kukausha mboni za macho. Nikaushika waya mmoja wa Mihayo kule juu ulikopita. Ulikuwa na joto la chai iliyosahauliwa, na mpira wake mzima, hauna hata alama. Mihayo alikuwa kando yangu.

Mama akaja akishika bega la Mndolwa. "Mzunguka moto hufika," akasema.

"Na cheche, mama," nikasema mimi. "Hufika na cheche."

Mihayo alilikunja lile shuka jeupe vizuri, akaliweka kwapani. "Hili nitalitunza," akaniambia. "Litakufaa wewe." Kisha tukakumbatiana, na ugoro wake ukanipigisha chafya tatu.

Tangu siku ile alikwenda akidai methali yote ni yake. Harusini, sokoni, msikitini, popote. Alipofariki nilisafiri mpaka kwao Tabora, nikajilaza mbele ya jeneza na uzee wangu, nikasema haliondoki. Wanawe wakaniuliza, mtani, unataka nini? Nikawaambia nataka mwisho wa methali yangu, baba yenu alinichukulia. Walicheka huku wanalia, wakanirudishia mbele ya watu, ndipo tukaenda kumzika.

Basi. Mimi ni mtu wa kunyooka moja kwa moja, hata leo. Nikikasirika naona njia moja tu, nayo inapita vidole viwili kutoka motoni. Nimeunguza nyaya nyingi maishani, na nyingine hazikuwa za gari. Shangazi yenu ni binti yangu, ameniona, ndiyo maana alimwambia bwana harusi, ambaye tangu juzi anataka kwenda kumkabili baba mkwe wake mlangoni kwa ajili ya neno moja la mezani. Nendeni mkamalize masufuria, na mkimkuta njiani amekunja uso anakwenda huko, mzuieni kama jeneza, mumwambie vizuri, maana jana alitikisa kichwa tu:

Mzunguka moto hufika na cheche.