Kanga na Hadithi ya Kobe

Paukwa!
Pakawa!
Haya, wakubwa kwa wadogo, sogeeni. Tegeni masikio.

Hapo zamani za kale, katika mbuga ya nyasi fupi, aliishi Kanga, ndege wa madoa meupe. Kila jioni wanyama walikusanyika barazani, naye akawasimulia hadithi moja tu: ya Kobe aliyekwenda kutafuta maji. Kobe alichoka. Kobe alilia. Kobe hakurudi nyuma. Siku ya saba akayafikia maji.

Basi Nyani akatawazwa kuwa jumbe. Akasema, "Hadithi hiyo imechuja! Mwisho wake anaujua hata kinda. Kuanzia leo, hapa ni hadithi mpya tu!"

"Mwisho mnaujua, Jumbe," Kanga akajibu. "Lakini njia hamjaipita."

Kwa kwa kwa! Wakamcheka. Wakamfukuza barazani.

Kanga aliumia moyo, lakini hakunyamaza. Aliwasimulia vifaranga wake kichakani, leo, kesho, keshokutwa. Kule barazani hadithi mpya zilikuja, zikachekwa, zikasahauliwa.

Kisha mvua ikagoma. Dimbwi likakauka, ardhi ikapasuka. Wanyama wakaamua kuhamia mtoni, mbali, ng'ambo ya uwanda. Kanga na vifaranga wake wakafuata nyuma. Wakatembea, wakatembea. Jua kali. Vumbi tifutifu. Siku ya tatu Nyati, mwenye nguvu kuliko wote, akaanguka. Puu!

"Mimi narudi," akasema. "Heri nikafie kwetu."

"Hata mimi," Nyani akasema kwa sauti ndogo.

Kanga akaruka juu ya jiwe. Koo limemkauka, sauti inakwaruza. Akaanza: "Kobe alitembea..."

Swala, aliyekuwa na mtoto mchanga, akainua kichwa. "Bi Kanga, Kobe alichoka?"

"Alichoka, mwenzangu."

"Alilia?" akauliza Nyati.

"Alilia sana."

"Akarudi nyuma?"

"Hakurudi!" vifaranga wakajibu kwa pamoja.

Hadithi ile Nyati alikuwa ameisikia mara mia, lakini siku hiyo ndipo alipomwona Kobe. Akajizoazoa, akasimama. Wakaendelea. Kila aliyelegea aliuliza, "Alirudi nyuma?" Na msafara mzima ukaitikia, "Hakurudi!"

Siku ya tano wakanusa maji. Wakakimbia, wakajitosa, chubwi! Wakanywa mpaka matumbo yakajaa ndi.

Nyani akamjia Kanga, maji yanamdondoka kidevuni. "Dada, nilikukosea. Nisamehe. Lakini niambie, hadithi kuukuu kama ile, huishije miaka yote?"

"Kila anayeisikia hujikuta humo," Kanga akasema. "Na daima yupo mmoja anayekataa kuiacha ife."

Enyi wasikilizaji wangu, fundisho ni hili: hadithi njema haizeeki, kwa kuwa shida za viumbe hazizeeki. Basi zishikeni hadithi zenu. Wasimulieni watoto, hata mkichekwa.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami nimeitua. Atakayeibeba, aibebe kwa sauti yake.