Povu la Fulana ya Tluway

Mtu mmoja alikuwa na mdogo wake, na mdogo huyo alikuwa na mbio. Mkubwa aliitwa Amsi, mdogo Tluway, na walikaa milimani upande wa Mbulu, mahali ambapo nyumba ziko juu na maji yako bondeni. Siku mama yao alipozikwa, Tluway alikuwa amelewa. Kaburi lilifukiwa yeye akiwa kilabuni. Jambo la namna hiyo ukoo hausahau, na wengi walisema asikanyage tena nyumbani. Amsi alimpokea. Alimpa kitanda, akamwambia aache pombe arudie mbio zake, na Tluway akaacha kweli.

Tena Amsi alifanya jambo ambalo kaka mkubwa wa kwetu halifanyi: alimfulia mdogo wake kwa mikono yake mwenyewe. Tluway alikuwa na fulana moja ya kukimbilia, ile ya kitambaa chepesi kilichofumwa ili kipitishe jasho, na kila jioni Amsi aliitia katika beseni. Mimi mtu huyu nampenda. Wapo wanaosamehe kwa mdomo tu; yeye alisamehe mpaka viganja vikachubuka.

Lakini sabuni ya unga ilikuwa karibu, dukani, na maji yalikuwa mbali, mgongoni mwa punda. Kwa hiyo Amsi akawa mkarimu wa sabuni na bahili wa maji. Alifua mpaka povu likamwagika nje ya beseni, akidhani povu jingi ndio usafi mwingi, kisha akasuuza juu juu, akakamua, akaanika. Na kila alipomkabidhi Tluway fulana yake, alimkumbusha siku ya mazishi. Alimkumbusha kwa upole, ili asirudie.

Kitambaa kile si kama shuka la pamba. Sabuni ilibaki ndani ya nyuzi, ikaziba vitundu, jasho likakosa njia. Fulana ikaanza kunuka. Amsi akaongeza sabuni, nayo ikanuka zaidi. Akanunua na ile dawa ya maji ya kulainishia nguo, yenye harufu ya maua, akaimimina bila kupima. Asubuhi Tluway alinukia maua pale mlangoni, na kufika kilimani alinuka uchachu. Kifua kilimwasha, mbio zikapungua. Mtu aliyepokewa kwa huruma huona haya kusema kwamba huruma hiyo inamwasha.

Basi jioni moja alirudi mazoezini, akapita karibu na kaka yake, na ule uchachu ukampiga Amsi puani. Alidhani anaujua. Ulifanana na wa pombe ya kilabuni. Hakuuliza. Alimwambia afungashe vitu vyake, asubuhi aondoke. Tluway akavua fulana, akaitundika kambani, akaingia ndani kufungasha.

Asubuhi mvua kubwa ilinyesha kabla hajatoka. Amsi alikuwa barazani, akaona fulana pale kambani inatoa povu. Hakuna aliyekuwa ameitia sabuni. Mvua ilipiga, povu jeupe likatiririka, na mvua ilivyozidi ndivyo povu lilivyozidi. Akatoka akaishika, akainusa. Uchachu ulikuwa humo humo ndani ya kitambaa. Haukuwa umetoka katika kinywa cha mtu.

Akaichukua, akateremka nayo bondeni, bila punda na bila sabuni. Aliisuuza kijitoni, akaikamua, akaisuuza tena, mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia. Alipopanda alimkuta Tluway mlangoni na mfuko wake begani. Akampa fulana ikiwa bado ina maji, akamwambia mbele ya mke wake na watoto wake:

"Mdogo wangu, iliyokuwa inanuka ni sabuni yangu, siyo wewe."

Kaka mkubwa kusema hivyo mbele ya nyumba yake ni kazi nzito kuliko kufua, na Amsi aliifanya akiwa amelowa chapachapa. Tangu siku hiyo alitia sabuni kidogo na kusuuza kwa maji mengi, na punda alishuka bondeni zaidi ya alivyozoea. Mazishi hakuyataja tena. Watu huniuliza kama Tluway alikuja kushinda mashindano. Sijui. Ninalojua ni kwamba aliurudisha mfuko ndani, akaufungua.

Onyo ni sabuni, na sabuni ni kitu chema, lakini haikutengenezwa ibaki mwilini mwa mtu. Basi wewe uliyemsamehe ndugu yako na bado unamkumbusha kila jioni, mvua ikimnyeshea leo, litakalomtoka litakuwa povu la nani?